Gustav Ernesaks: maestro aliyeimbisha inchi nzima

Huko kaskazini ya Ulaya, kando ya bahari ya Baltiki, kuna inchi ndogo inaitwa Estonia. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 45,000, yaani ni ndogo kuliko jimbo la Kivu Kaskazini peke yake. Wakaaji wake wote ni kama milioni 1 na laki 3. Kwa mamia ya miaka watu hao walitawaliwa na wageni: mabwana wa Kijerumani waliomiliki mashamba, wafalme wa Urusi, na baadaye Umoja wa Kisovieti. Mwaka wa 1991 walipata tena uhuru wao bila raia hata mmoja kuuawa ndani ya inchi. Historia imeuita mwendo wao Mapinduzi ya Kuimba.

Ukiuliza wazee wa Estonia ni nani aliyewaandalia sauti kwa siku hiyo, wengi watataja jina la mtu mmoja ambaye hakuwa mwanasiasa wala askari. Alikuwa mwalimu wa muziki na mwongozi wa kwaya, yule ambaye wanakwaya wa Bukavu, Goma ao Bunia wangemwita maestro. Jina lake ni Gustav Ernesaks.

Mtoto wa kijiji

Ernesaks alizaliwa tarehe 12 Desemba 1908 katika kijiji cha Perila, wilaya ya Harju, si mbali na muji mkuu Tallinn. Wakati ule Estonia ilikuwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Alipokuwa na miaka 9, mwaka wa 1918, inchi yake ilitangaza uhuru. Kwa hiyo kizazi chake kilikuwa kizazi cha kwanza kusoma shule katika inchi inayojitawala, kwa luga yake yenyewe.

Alisomea muziki Tallinn, katika konsevatwari ya huko. Mwaka wa 1931 alimaliza masomo ya kufundisha muziki, na mwaka wa 1934 akamaliza masomo ya kutunga, chini ya mwalimu Artur Kapp. Alianza kazi kama walimu wengine wote: kufundisha watoto kuimba mashuleni na kuongoza kwaya za muji. Tangu mwaka wa 1937 akaanza kufundisha konsevatwari kwenyewe, na kazi hiyo ya kutayarisha waongozi wengine wa kwaya aliifanya kwa miaka mingi sana.

Desturi iliyomtangulia

Ili kuelewa kazi yake, inafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1869, katika muji wa Tartu, mtu wa magazeti aliyeitwa Johann Voldemar Jannsen aliandaa sikukuu ya kwanza ya nyimbo. Wanaume zaidi ya 800, waimbaji na wapiga tarumbeta, walitoka vijijini wakakusanyika kuimba pamoja. Wakulima wa Estonia walikuwa wametoka katika utumwa wa mashamba miaka kama 50 tu mbele. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona watu wengi hivyo wa luga yao mahali pamoja. Walipoimba ndipo walipojiona kuwa taifa.

Binti wa Jannsen, Lydia Koidula, alikuwa mshairi. Shairi lake moja juu ya kupenda inchi ya mababu lilitungiwa muziki na Aleksander Kunileid na kuimbwa katika sikukuu ile ya kwanza. Kichwa cha shairi hilo ni Mu isamaa on minu arm. Jina hilo tulishike, sababu litarudi.

Tangu hapo sikukuu ya nyimbo ikawa desturi. Mwaka wa 1891 kwaya zenye wanawake na wanaume ziliingia kwa mara ya kwanza. Kila kijiji, kila parokia, kila kiwanda kilikuwa na kwaya yake. Ernesaks alikulia ndani ya desturi hiyo, hakuianzisha yeye. Mchango wake ulikuwa kuilinda isife wakati kila kitu kingine kilipoanguka.

Kwaya iliyozaliwa mbali na nyumbani

Mwaka wa 1940 Umoja wa Kisovieti uliingia Estonia na kuifanya kuwa sehemu yake. Mwezi wa Juni 1941 watu karibu 10,000 walikamatwa usiku na kupelekwa mbali, Siberia na kwingine. Wiki chache baadaye jeshi la Ujerumani likaingia. Vijana wa inchi moja wakajikuta katika majeshi mawili yanayopigana, wengine wamechukuliwa na Wajerumani, wengine na Wasovieti, bila kuulizwa wanataka nini. Wasomaji wa mashariki ya Kongo hawahitaji kuelezewa sana hali ya namna hiyo.

Vita vilimtupa Ernesaks Urusi. Huko, katika muji wa Yaroslavl, serkali ya Kisovieti ilikusanya wasanii wa Estonia waliokuwa wametawanyika: waimbaji, wapiga vyombo, wachezaji, watu wa tiyatri. Walikuwa na njaa, walikuwa na baridi, na wengi hawakujua kama jamaa zao wangali hai. Katika kundi hilo Ernesaks aliongoza waimbaji wanaume. Mwaka wa 1944 kwaya hiyo ikawa kwaya kamili ya serkali, inayojulikana mpaka leo kwa herufi tatu: RAM. Yeye aliiongoza tangu siku hiyo mpaka mwaka wa 1975, miaka 31.

Mwaka huohuo wa 1944 walirudi nyumbani. Tallinn ilikuwa imepigwa mabomu mwezi wa Machi. Hata jumba kubwa la tiyatri na muziki lilikuwa limeungua. Watu makumi ya maelfu walikuwa wamekimbia kwa mashua kwenda Sweden na Ujerumani. Waliobaki walikuwa wanahesabu wafu wao. Mahali hapo ndipo kwaya ya wanaume ilipoanza tena mazoezi.

Nyimbo mbili za mkono mmoja

Katika mwaka ule wa 1944 Ernesaks alichukua lile shairi la Koidula, akalitungia muziki mpya. Ni wimbo wa polepole, unaoanza chini kama sala na kupanda kidogo kidogo. Hauna fujo, wala hauna neno la kutukana mtu. Mtu yeyote aliyezoea kuimba kanisani anaweza kuushika kwa siku moja.

Mwaka mmoja baadaye, 1945, serkali mpya ilihitaji wimbo wa jamhuri ya Estonia ya Kisovieti. Maneno yaliandikwa na Johannes Semper. Muziki ulitungwa na Ernesaks.

Hapa ndipo ugumu wa maisha yake ulipo. Mkono uleule ulitunga wimbo wa watawala na wimbo ambao baadaye raia waliushika dhidi ya utawala huo. Wimbo wa zamani wa taifa ulikuwa umekatazwa. Kuuimba hadharani kungeweza kumfikisha mtu gerezani. Lakini wimbo wa Ernesaks juu ya shairi la Koidula haukuwa katika orodha ya vilivyokatazwa. Mtunzi wake alikuwa mtu anayeaminiwa na serkali. Hiyo ndiyo iliufungulia mlango.

Mwaka wa 1947, katika sikukuu ya kwanza ya nyimbo tangu vita kuisha, waimbaji zaidi ya 20,000 waliuimba Tallinn. Kati ya picha za viongozi wa chama na bendera nyekundu, watu wengi walilia. Kila mmoja alielewa kitu ambacho hakikusemwa.

Mwaka mbaya wa 1950

Utamu haukudumu. Mwezi wa Machi 1949 watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee wa vijijini, walipakiwa katika treni za mizigo na kupelekwa Siberia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1950 ikafika zamu ya watu wa muziki. Waongozi watatu wakubwa wa sikukuu ya nyimbo, Alfred Karindi, Riho Päts na Tuudur Vettik, walikamatwa. Kosa waliloshitakiwa ni kupenda taifa lao kuliko chama. Walikaa miaka kadhaa kifungoni na katika kambi.

Hao walikuwa wenzake wa Ernesaks. Walisimama naye jukwaa moja mwaka wa 1947. Yeye hakukamatwa. Sikukuu ya 1950 ilifanyika bila wao, na nyimbo za kumsifu Stalin zilijaza programu. Wimbo wake juu ya shairi la Koidula uliondolewa. Haukuwekwa 1950, wala 1955. Yeye mwenyewe aliendelea na kazi, akiongoza alichopewa kuongoza.

Watu wameuliza kama angefanya namna ingine. Angekataa, angeenda Siberia kama wenzake, na kwaya ya RAM ingepewa mtu mwingine ao ingevunjwa. Alikubali, na akabaki na kwaya, wanafunzi na sikukuu mikononi mwake. Bei ya kukubali ilikuwa kukaa kimya wakati marafiki wanafungwa. Kitabu kimoja cha kumbukumbu alichokitoa mwaka wa 1971 kina kichwa chenye maana ya kwamba kinywa kinaimba huku moyo una wasiwasi. Kwa mtu aliyejifunza kuchunga maneno, kichwa hicho kilitosha.

Siku walipoimba bila ruhusa

Stalin alikufa mwaka wa 1953, na waliofungwa wakaanza kurudi. Mwaka wa 1960 Tallinn ilifungua jukwaa jipya la sikukuu ya nyimbo, kazi ya mchora majengo Alar Kotli: tao kubwa linalofunika waimbaji kama ganda la konokono na kusukuma sauti zao kwenye mteremko wa majani ambako watu wanakaa.

Katika sikukuu ya mwaka ule, wimbo wa Koidula na Ernesaks haukuwa katika programu. Programu ilipofika mwisho, waimbaji hawakutoka. Sauti zilianza zenyewe, kutoka kwaya moja hadi ingine, mpaka jukwaa lote na mteremko wote ukawa unaimba ule wimbo. Ernesaks alipanda mahali pa mwongozi na kuinua mikono. Hakuna aliyepiga risasi, hakuna aliyezima taa. Serkali ilijikuta na mambo mawili tu ya kuchagua: kuwafunga makumi ya maelfu ya watu kwa kosa la kuimba wimbo wa mtunzi wake yenyewe, ao kuunyamazia. Iliunyamazia. Tangu mwaka wa 1965 wimbo huo uliwekwa katika programu, na desturi ikawa kufunga sikukuu nao huku watu wote wamesimama.

Kwa miaka karibu 30 iliyofuata, kila baada ya miaka michache, taifa zima liliweza kusimama pamoja kwa dakika chache na kuimba juu ya inchi yake, mbele ya macho ya watawala, bila kuvunja sheria yoyote iliyoandikwa.

Kazi ambayo haionekani

Watu wanaoona picha za sikukuu hizo wanafikiri ni jambo la siku mbili. Wanakwaya wanajua si hivyo. Sikukuu moja inatayarishwa kwa miaka. Orodha ya nyimbo inatumwa mapema kwa kwaya zote. Kila kwaya, hata ya kijiji chenye mashine mbili za kukamulia maziwa na duka moja, inajifunza nyimbo zilezile, sauti ya kwanza mpaka ya nne, jioni baada ya kazi. Kisha waongozi wakubwa wanazunguka wilaya kwa wilaya kusikiliza. Kwaya isiyojua nyimbo vizuri haiendi Tallinn. Kwa hiyo kuna aibu ya kubaki na kuna heshima ya kwenda, na vyote viwili vinafanya watu wahudhurie repetisyo hata wakati wa baridi kali.

Siku yenyewe ina ugumu wake. Waimbaji 20,000 wakisimama pamoja, sauti ya walio pembeni inachelewa kumfikia aliye upande mwingine. Mtu akifuata sikio lake, atachelewa, na wote watavurugika. Inabidi kila mmoja aache kusikiliza jirani na afuate mkono wa mwongozi tu. Kwa hiyo mwongozi lazima awe mtu anayeaminiwa kabisa. Ernesaks alikuwa mtu huyo. Waimbaji walimpa jina la mapenzi lenye maana ya Babu wa Nyimbo.

Kazi yake ingine ilikuwa darasani. Waongozi aliowafundisha katika konsevatwari walirudi mijini na vijijini, nao wakafundisha wengine. RAM ilizunguka sehemu nyingi za Umoja wa Kisovieti na kupata sifa kubwa. Mtunzi mkubwa wa Urusi, Dmitri Shostakovich, alimtungia Ernesaks kazi kwa ajili ya kwaya ya wanaume, na RAM iliiimba kwa mara ya kwanza Tallinn mwaka wa 1970. Ernesaks mwenyewe alitunga opera kadhaa na nyimbo nyingi sana za kwaya, nyingi zikiwa juu ya bahari, kijiji na watu wa kawaida.

Serkali ilimpa karibu kila heshima iliyokuwa nayo: jina la Msanii wa Watu wa Umoja wa Kisovieti mwaka wa 1956, Tuzo ya Lenin mwaka wa 1970, nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa mwaka wa 1974. Alizipokea. Wako waliomlaumu kwa hilo, na lawama yao ina msingi, sababu kuna wengine waliolipa gharama kubwa kuliko yeye. Wako pia wanaosema kwamba kila nishani iliyokuwa kifuani mwake ilikuwa ukuta mmoja zaidi wa kulinda sikukuu ya nyimbo. Mambo yote mawili ni kweli, na raia wa Estonia wamezoea kuyasema pamoja.

Kutoka jukwaani mpaka uhuru

Ilipofika mwaka wa 1988, Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeanza kulegea. Mwezi wa Juni vijana walianza kukusanyika usiku kwenye uwanja wa sikukuu huko Tallinn, siku kwa siku, wakiimba mpaka asubuhi. Walitoa bendera zilizofichwa chini ya sakafu na ndani ya kuta kwa miaka karibu 50. Tarehe 11 Septemba mwaka ule, watu wapatao 300,000 walikuja kwenye uwanja huohuo. Kwa inchi ya watu milioni moja na nusu wakati ule, ni kama mtu mmoja kwa kila watano.

Hakuna aliyewaelekeza namna ya kusimama, kusogea ao kungojeana. Walikuwa wamejifunza tangu utoto. Umati mkubwa mara nyingi ni hatari. Mtu mmoja akirusha jiwe, mambo yanaharibika. Lakini umati unaojua kuimba kwa sauti nne unajua pia kujizuia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Tallinn na miji mingine mingi ambako maandamano yaliishia kwenye damu.

Mwaka wa 1989, tarehe 23 Agosti, watu wa Estonia, Latvia na Lithuania, wapatao milioni 2, walishikana mikono kwa mstari wa kilometa karibu 600 kupita inchi zao tatu. Tarehe 20 Agosti 1991 Estonia ilitangaza kwamba uhuru wake umerudi.

Wimbo wa jamhuri ya Kisovieti, ule wa mwaka wa 1945, uliwekwa kando na haukurudi. Wimbo wa zamani wa taifa ulirudishwa. Na ule wa 1944, juu ya shairi la Koidula, uliendelea kuimbwa kama mbele, bila sheria yoyote kuuamuru.

Kilichobaki

Gustav Ernesaks alikufa Tallinn tarehe 24 Januari 1993, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameishi muda wa kutosha kuona bendera ya utoto wake ikipandishwa tena. Mwaka wa 2004 sanamu yake ya shaba iliwekwa kwenye uwanja wa sikukuu. Imemwonyesha amekaa, akitazama jukwaa. Watoto hupanda magoti yake, na wazazi huwapiga picha.

RAM bado inaimba. Mwaka wa 2004 ilikuwa kati ya vikundi vilivyopata tuzo ya Grammy kwa kurekodi kazi za Sibelius. Sikukuu za nyimbo na ngoma za Estonia, Latvia na Lithuania zimeingizwa na UNESCO katika urithi wa wanadamu. Kila baada ya miaka mitano waimbaji makumi ya maelfu wanarudi Tallinn, na bado kuna desturi ya kwaya kumnyanyua mwongozi wake na kumrusha juu kwa furaha.

Kwaya za mashariki ya Kongo, za parokia, za makanisa mbalimbali, za shule na za kambi za waliokimbia vita, zinafanya mazoezi katika hali ngumu pia: hakuna umeme, karatasi za nyimbo hazitoshi, na safari nyingine siku ya Jumamosi barabara haipitiki. Mara nyingi ndani ya kwaya moja wanakaa watu wa makabila ambayo nje wanasemana vibaya. Ernesaks hakuwa na dawa ya vita, na maisha yake hayakuwa safi kama malaika. Alichojua ni kwamba watu waliozoea kungojeana kwenye pumzi moja, Jumamosi baada ya Jumamosi, ni vigumu kuwatawanya. Kwa ajili ya hilo aliendelea kuita watu kwenye mazoezi kwa zaidi ya miaka 50.